Kitufe, kitufe, kitufe

Mhariri, naomba kanafasi kidogo maana hili limenikaa rohoni.

Mimi sioni. Kompyuta natumia kwa programu ya kusoma skrini, inanitamkia kilichoandikwa na mimi natembea kwa kibodi, mausi kwangu ni pambo tu. Juzi najaza fomu ya kuomba kazi kwenye tovuti moja (siitaji, wenyewe watajijua), kurasa nne nzima nimemaliza, nafika mwisho natafuta pa kutuma, naskia "kitufe". Nabonyeza Tab kwenye kibodi nisogee mbele, "kitufe". Tena, "kitufe". Vitatu vimepangana na hakuna hata kimoja chenye jina, sasa kipi cha kutuma na kipi cha kufuta? Nikabahatisha. Kikafuta kila kitu.

Nikaanza upya, mara likaja lile jaribio la kuthibitisha wewe si roboti, eti chagua picha zenye taa za barabarani. Nilicheka peke yangu. Roboti za siku hizi zinaziona hizo taa kuliko mimi, na njia ya kusikiliza sauti hawakuweka.

Kinachoniuma ni kwamba dawa yake ni ndogo mno. Vitufe vile vilichorwa alama tu, aliyevitengeneza angeandika "Tuma" kwenye msimbo, mwenye macho halioni hilo neno ila programu yangu inalisoma. Neno moja jamani! Na si jambo jipya, W3C, wale wanaoweka viwango vya tovuti duniani, walitoa miongozo yao ya WCAG ya kufanya tovuti zitumike na walemavu tangu 1999, toleo la 2.2 limetoka 2023, wamesema mpaka mwanga wa maandishi ya kawaida upishane na wa rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 angalau, ili yasomeke, lakini bado watu wanaandika kijivu juu ya nyeupe halafu wanaita ndo usasa. Video bila maandishi chini kwa ajili ya viziwi ndo usiseme.

Wengine wakilalamikiwa wanabandika kikatuni cha kiti cha magurudumu kwenye kona ya ukurasa, ati ukikibonyeza tovuti inakuwa rafiki. Kwangu mimi ni kero juu ya kero, kinagombana na programu yangu, mara nasikia sauti mbili zinasoma kwa mpigo. Hatuombi kibandiko, tunaomba ukurasa uleule ujengwe vizuri toka mwanzo. Na msituulize mko wangapi, Shirika la Afya Duniani, WHO, wanasema walemavu ni karibu mtu 1 kati ya 6 duniani.

Ninyi mnaotengeneza, kabla hamjairusha hiyo tovuti wekeni mausi pembeni mjaze fomu yenu wenyewe kwa Tab tu. Mkikwama, ndo hapohapo na mimi nakwama.

Mwisho ilibidi nimwite mdogo wangu, kasoma mambo yangu yote mpaka mshahara nilioomba, halafu akasema, "Kaka, mbona kiko hapa hapa, kikubwa, cha kijani."

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote.