Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mlima, Vitumbua na Watoto wa Moyo

Ndugu wanachama,

Assalamu alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Mwaka huu chama chetu cha wafanyakazi kimezika, kimeozesha, kimekopesha. Hesabu zake atazisoma Mhazini. Mimi naomba mnivumilie kwa jambo moja, safari ya hisani ya Mlima Kilimanjaro, ya kuchangia matibabu ya watoto wenye matatizo ya moyo pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili.

Nianze na kosa, maana ni langu. Kamati ilibandika tangazo kwamba kila mwanachama atakatwa mchango kwenye mshahara. Hatukumuuliza mtu. Kabla ya saa ya chai mtu ameshaandika chini yake kwa kalamu nyekundu: "Wapande kwa hela zao." Siku ile niliudhika sana. Nilipolala nikaamka, nikaona huyo bwana au bibi ametuonyesha njia. Tangazo likabanduliwa na utaratibu ukawa huu: anayepanda ajilipie ada ya hifadhi, mwongozaji, wapagazi na chakula, na kila shilingi ya mchango iende hospitali. Ada ya Mtanzania si ile anayotozwa mgeni, lakini ukijumlisha na hayo mengine mfuko unatoboka. Majina kwenye orodha yakapungua. Manung'uniko nayo yakaisha.

Tulipita njia ya Marangu kwa kuwa ndiyo yenye mabanda ya kulala. Wengi wetu hema tumeliona msibani tu. Tulipanga tuwe kileleni tarehe 9 Desemba, kukumbuka usiku ule wa mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda alipousimamisha Mwenge pale juu. Kutoka kituo cha Mandara hadi kituo cha Horombo, mita 3,720, tulikuwa bado tunaimba. Baada ya hapo kila mtu alihesabu hatua zake kimya.

Mlimani vyeo havipandi. Mkuu wetu wa idara (amekubali nilisimulie hili) alitapika Horombo usiku kucha. Asubuhi mwongozaji, kijana wa kumzaa, akamwambia, "Mzee, shikamoo. Wewe leo unashuka." Huku ofisini nani angethubutu? Mzee akajaribu kubisha, kijana akawa ameshamfungia kamba za viatu. Aliyejitolea kushuka naye ni dereva wetu, ambaye alikuwa mzima kabisa na angeweza kufika Uhuru, mita 5,895. Nilimuuliza kama haoni uchungu. Akasema, "Mlima hauhami, Mwenyekiti." Siku hizi nawakuta wawili hao wakinywa kahawa ya mia mia pale getini, na maombi ya matengenezo ya gari, yaliyokuwa yakilala mezani, yanasainiwa siku hiyo hiyo.

Sasa niseme ambalo picha za kileleni hazikulisema. Fedha nyingi hazikutoka mlimani. Zilitoka kwenye vitumbua. Kina mama wa masijala, pamoja na kijana mmoja wa stoo aliyegundulika kuwa fundi wa kukaanga kuliko wote, waliuza kila Ijumaa kuanzia saa mbili asubuhi, sufuria limefunikwa kitambaa cheupe, pembeni kisanduku chenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti. Ofisi za jirani zikawa zinatuma watu na mabakuli. Idara ambazo zilikuwa zikiandikiana barua za malalamiko zilijikuta zimepanga foleni moja, zikigombea vya mwisho. Waliopanda walifika Moshi. Waliokaanga walikula moshi. Kamati iliwasahau kwenye hafla ya kukabidhi hundi, na kwa hilo naomba radhi mbele ya mkutano huu. Stakabadhi ya hospitali imebandikwa ubaoni, pale pale lilipokuwa tangazo la makato.

Kwa mwaka ujao kamati inapendekeza matembezi ya kilomita chache hapa hapa Dar es Salaam, ili wenye magoti mabovu, wajawazito na wanaokaribia kustaafu nao waingie. Hoja hiyo ni ajenda namba sita. Wapo wanaotaka mlima urudi; waje na hoja zao, wasije na picha.

Mwisho, makoti mawili ya baridi ya kuazima na sufuria kubwa la chama havijarudi. Sufuria tunalihitaji Ijumaa.

Mwenyekiti