Maneno ya chini ya ile picha ya Atlanta

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, na mguu wa mama umepona. Nalisema mapema nisije nikalisahau. Nisamehe kwa kimya cha wiki tatu. Uliniomba mstari mmoja tu wa kuweka chini ya picha, na kila nikishika kalamu nakwama palepale.

Wewe umeandika "Atlanta vitani, 1864". Hapana, ndugu yangu. George Barnard aliipiga Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vikiwa vimeshapita pale. Makombora yaliuangukia mji tangu Julai 20 hadi mwishoni mwa Agosti, Hood, jenerali wa Kusini iliyopigania utumwa, akatoroka na jeshi lake usiku wa Septemba 1, ndipo kamera ikaja nyuma ya askari wa Sherman, jenerali wa Kaskazini. Tena Barnard alikuwa mpiga picha wa wahandisi: Kapteni Poe, mhandisi mkuu wa Sherman, alitaka kumbukumbu ya ngome. Na hata mapigano yenyewe angeyapigaje? Bamba la kioo lilipakwa dawa, likapigiwa picha na kuoshwa lingali bichi, yote kwa dakika chache, na chochote kilichotikisika kilitoka ukungu.

Kwa hiyo tumebakiwa na visivyotikisika. Zile safu za miti iliyochongwa ncha, zimeinamia upande wa adui. Tuta la udongo. Mbele yake uwanja uliofyekwa usibaki hata mti wa kujifichia. Nilizitazama usiku kucha, nikazipenda, kisha nikakumbuka nani alichimba. Mstari ule ulisimamiwa na Lemuel Grant, mhandisi wa reli, kuanzia 1863, zaidi ya maili 10 kuuzunguka mji, na waliotumikishwa kuuchimba ni watumwa waliokodiwa kutoka kwa mabwana zao. Walijengeshwa boma la kuulinda utumwa wao wenyewe! Kwenye picha hii hayumo hata mmoja wao. Mama Neema alipoiona aliuliza tu, "Wenyewe wako wapi?" Sikuwa na la kumjibu.

Ndiyo maana nakusihi uandike hivi: "Ngome za Atlanta baada ya mji kutekwa, 1864. Zilichimbwa na watumwa." Najua Mwalimu atasema ni maneno mengi. Mwambie nimesema mimi.

Halafu ipo ile nyingine ya Barnard, nyumba ya Ponder, kuta zimetobolewa na mizinga. Katika watumwa wa Ponder alikuwamo mtoto Henry Flipper, ambaye 1877 alikuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuhitimu chuo cha kijeshi cha West Point. Nikiitazama nyumba ile namfikiria yule mtoto, na... basi, tutazungumza tukionana.

Je, nafasi ukutani ipo ya picha mbili? Umeshachapisha maelezo au bado? Unaweza kuzikuza mpaka ncha za miti zionekane vizuri? Na Mwalimu, bado amekununia, au mmepatana?

Nijibu upesi kabla hamjaanza kutundika.

Wako daima