Moyo ukishasimama, umeme hauuamshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotutengenezea filamu na tamthilia. Nina miaka kumi na minane katika wodi ya dharura, na kuna tukio moja la kwenye runinga linaloninyima raha kila nikiliona.

Mgonjwa amelala, mashine inalia tiiii, mstari kwenye kioo umenyooka kama uzi. Daktari anakamata zile pasi mbili za mashine ya kupiga moyo shoti ya umeme, anazisugua, anawapigia watu kelele wasogee. Mwili unaruka, mgonjwa anafumbua macho na kumwita mkewe. Tamthilia za Marekani zimelionyesha hili miaka nenda rudi, nasi tumelichukua kama lilivyo.

Mashine ile ya umeme haiwashi moyo uliozimika. Moyo unapotetemeka ovyo bila kusukuma damu, umeme huukatiza ule mtetemo ili upate kurudia mapigo yake. Moyo wa hivyo huonekana kwenye kioo kama mawimbi yaliyovurugika. Mstari ukinyooka, hakuna mtetemo wa kukatiza. Hapo tunakandamiza kifua, tunampa mgonjwa hewa na adrenalini, huku tukitafuta chanzo.

Na hicho kifua jamani! Mwigizaji amekunja viwiko, anagusagusa kama anayemwamsha mtoto. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kishuke angalau sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikono imenyooka. Dakika mbili tu unatota jasho, ndiyo maana tunapokezana. Najua mtu mzima wa afya habonyezwi hivyo, utamvunja mbavu. Basi wekeni mto, kamera ibaki kwenye mabega ya anayekandamiza.

Dripu isiyodondoka, au maski ya oksijeni ambayo mpira wake unaning'inia tu, nisingeziandikia barua. Hili linaumiza watu. Usiku mmoja tulikuwa tunamhangaikia mzee mmoja, mwanawe amesimama mlangoni analia: "Sista, mbona hamumpigi shoti? Mashine si ile pale!" Ilikuwa pale kweli, tena nzima. Mstari ulikuwa umenyooka. Mzee alifariki. Baadaye nilikaa na yule kijana kwenye benchi la nje, nikamweleza mpaka kukapambazuka. Aliitikia kwa adabu, lakini hakuniamini. Alikwishaona mara nyingi kwa macho yake watu wakifufuka.

Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kuhusu vipindi vitatu vya televisheni vya Marekani. Kati ya wagonjwa waliofanyiwa ufufuaji humo, robo tatu walinusurika papo hapo. Wodini kwetu wengi hawaamki, na ndugu zao wanatuuliza tumekosea wapi.

Kurekebisha hakuli bajeti. Mkitaka umeme, wekeni mawimbi yaliyovurugika kwenye kioo, na mtazamaji atalia vilevile. Mkitaka mstari ulionyooka, ziacheni pasi mahali pake. Muuguzi apande kigoda, akandamize kifua, achoke, apokewe na mwenzake, mpaka daktari atazame saa ya ukutani. Na kabla hamjaanza kushuti, mwiteni nesi yeyote lokesheni kwa saa moja. Wengi wetu tutakuja kwa nauli tu.

Muuguzi,
Morogoro