D ya hesabu isitumike kumhukumu mtu chuoni

Mhariri, naomba kanafasi. Huku Mwanza kuna walimu wa chuo wakiona tu dogo ana D ya hesabu kidato cha nne washasema somo la takwimu litamshinda, na semesta yenyewe hata haijachanganya. Sikatai, alama za nyuma zinasaidia kubashiri, ila korilesheni, yaani kipimo cha jinsi alama za zamani na za chuo zinavyoendana, ikiwa hata 0.5 maana yake umeeleza robo tu (0.5 mara 0.5) ya tofauti za matokeo ya wanafunzi, robo tatu ziko kwingine kabisa, na hilo si wanalifundisha wao wenyewe jamani?

Kuna woga pia, mtu akiona sigma tu, ile alama ya Kigiriki kwenye kanuni za takwimu, anaganda. Tangu 1985 wataalamu wana dodoso la kupima huo woga wa takwimu, sasa kwa nini walimu wasiwapime wanafunzi wiki ya kwanza, halafu wakawapa kijaribio wiki ya tatu wajue nani wa kusaidiwa mapema? Mimi naona kijaribio hicho kingesema mengi kuliko cheti cha zamani. Na mifano ichukuliwe pale mwaloni Kirumba, bei za dagaa zinapanda na kushuka kila siku, wastani na mtawanyiko, yaani bei zinavyoachana, unauona kwa macho, sio kila siku kurusha shilingi.

Mzazi, Nyegezi