Kabla hujatoa kianzio

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na pole na shughuli za ujenzi. Barua yako nimeipata pamoja na ile profoma, hati ya bei uliyopewa na karakana. Madirisha na milango ya nyumba nzima, asilimia 60 ilipwe kabla kazi haijaanza, na punguzo ukilipa ndani ya wiki hii. Unaniuliza kama watu hawa ni waaminifu. Uaminifu wao siwezi kukupimia nikiwa huku, na wala sio unaonitia wasiwasi zaidi. Wapo waungwana wasio na hila yoyote ambao kampuni zao zimekufa huku zikiwa zimeshapokea pesa za wateja.

Ukishatoa kianzio na mzigo hujaupata, umewakopesha, tena bila riba wala rehani. Wakifilisika kesho, mfilisi, yule anayeteuliwa kuuza mali za kampuni na kulipa wanaoidai, atauza kilichopo. Benki yenye rehani juu ya mitambo itachukua chake, mfilisi naye atatoa gharama zake, wafanyakazi watadai mishahara, na katika nchi nyingi mtoza kodi naye yumo kwenye foleni. Wewe utakuwa huko nyuma pamoja na muuza vioo anayedai, na mara nyingi wa huko nyuma hupata sehemu ndogo sana ya pesa zao, au wasipate kabisa. Kwa hiyo jiulize: hawa ningewakopesha? Benki isingewapa hata senti bila kuona hesabu zao.

Anza kwa msajili wa makampuni. Tafuta jina lililo kwenye profoma, si lile la kwenye kibao, kwani yanaweza kuwa mawili tofauti. Nchi nyingi rejista iko wazi kwa yeyote, ama bure ama kwa ada. Angalia imeandikishwa lini, kama kuna rehani mpya iliyosajiliwa juu ya mali zake, na kama hesabu za mwaka zimewasilishwa kwa wakati. Hesabu zinazochelewa hazimaanishi mara moja kwamba mambo ni mabaya, lakini mwenye hesabu nzuri haoni sababu ya kuzificha. Kisha yafuatilie majina ya wakurugenzi. Ukikuta kampuni ya mwaka mmoja, ambayo wakurugenzi wake walifunga nyingine ya kazi hiyo hiyo kwenye jengo hilo hilo, pesa zako ziache mfukoni.

Sasa mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, maana najua ukiona safu za tarakimu unafunga karatasi. Ruka ukurasa wa faida. Faida ni makadirio kwa sehemu kubwa. Mishahara hulipwa kwa pesa zilizopo, si kwa faida ya kwenye karatasi. Nenda kwenye mali za muda mfupi na madeni ya kulipwa ndani ya mwaka. Tuseme umekuta pesa taslimu na benki 40, wadaiwa (wateja ambao bado hawajalipa) 90, bidhaa ghalani 70. Jumla 200. Upande wa pili madeni ni 310, na ndani yake kuna mstari mmoja, "malipo ya awali ya wateja", 180. Simama hapo. Wateja wametoa 180, benki kuna 40. Hata ukisema bidhaa zote za ghalani zimenunuliwa kwa ajili yao, bado kuna 70 isiyoonekana. Inawezekana imeshalipa pango, mishahara na vioo vya wateja waliotangulia, na kianzio chako ndicho kitakachomalizia madirisha ya mtu mwingine. Mchezo huo huenda vizuri mradi oda mpya zinaingia. Zikipungua miezi miwili tu, wa mwisho kulipa ndiye anayebaki na risiti.

Lakini usiogope kila kampuni yenye madeni ya muda mfupi kuzidi mali zake. Duka kubwa la rejareja laweza kuishi hivyo miaka nenda miaka rudi, kwa sababu linauza kwa taslimu kila siku na kumlipa msambazaji baadaye. Karakana inayofanya kazi kwa oda haina mapato ya kila siku ya kuiegemeza.

Wala usitulizwe na muhuri wa mkaguzi wa hesabu peke yake. Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi ya Uingereza, hesabu zake za 2016 zilipitishwa na wakaguzi bila dosari mnamo Machi 2017. Julai mwaka huo huo ikatangaza kufuta pauni milioni 845 kutoka thamani ya mikataba yake, na Januari 2018 ikaingia ufilisi ikiwa na pesa taslimu pauni milioni 29 dhidi ya madeni yaliyokaribia bilioni 7. Gawio, yaani mgao wa faida kwa wanahisa, lilikuwa likipanda karibu hadi mwisho. Waliokuwa na dalili mapema ni wasambazaji wake, ambao walikuwa wakiwekewa masharti ya kusubiri hadi siku 120 ndipo walipwe.

Ndiyo maana nakushauri uende mwenyewe karakanani, asubuhi, siku mzigo unaposhushwa. Kampuni ndogo huwasilisha hesabu za muhtasari tu, na unapozisoma huenda zimepitwa na mwaka mzima. Getini hapapitwi na wakati. Dereva wa vioo akishusha, akasainiwa hati ya kupokelea mzigo na kuondoka, basi msambazaji bado anawakopesha. Akikataa kufungua turubai mpaka aone pesa, na karani anakimbia ofisini kupiga simu, ujue anayewafahamu kuliko wewe ameshaacha kuwaamini. Zungumza na huyo dereva. Madereva hawana siri, hasa wakicheleweshwa. Halafu angalia fremu zilizoegemezwa ukutani: zina majina ya wateja na tarehe? Za zamani zina vumbi la muda gani?

Na hilo punguzo la wiki hii. Huenda ni biashara ya kawaida. Huenda pia ni mtu anayetafuta pesa za mishahara ya Ijumaa. Mjaribu: mwambie utalipa kwa awamu, asilimia 20 ya kuagizia vifaa, sehemu nyingine ukishaona fremu zimekatwa kwa vipimo vyako, na salio baada ya kufungwa. Mwenye mtaji wa kuendeshea kazi atanung'unika, kisha mtaelewana. Asiye nao atakupandishia punguzo.

Wakishikilia asilimia 60, waombe dhamana ya benki ya malipo ya awali, yaani ahadi ya benki kukurudishia kianzio wasipotimiza, au pesa zikae kwa wakili hadi mzigo ufike. Mkataba uandike kwamba vifaa vilivyonunuliwa kwa pesa zako ni mali yako tangu siku vinaponunuliwa, viwekwe kando na kuandikwa jina lako. Hapo mfilisi itamwia vigumu zaidi kuvihesabu kuwa vya kampuni. Kama wanapokea kadi, uliza benki yako ina utaratibu gani wa kurudisha malipo bidhaa isipofika. Na akaunti ya kulipia iwe ya jina la kampuni. Profoma yako, Rehema, pale chini kabisa, ina akaunti ya mtu binafsi. Uliiona?

Wapigie kesho kuhusu hilo kabla ya jingine lolote, na utake jibu kwa maandishi. Ukizipata hesabu zao za miaka mitatu, nitumie zote, hata kama kurasa zimepigwa picha kombo. Jumamosi nina nafasi, nitazipitia na kukupigia jioni. Wasalimie wote nyumbani.

Wako,
Asha