Mto wa kulalia na mto wa maji

Kwako shoga yangu,

Salaam aleikum, na poleni na upepo huko Nungwi. Sie huku Tanga wazima, cherehani bado inalia ileile, mvua imetupiga juzi mtaro wa nyuma ukafurika ila hakuna kilichoharibika zaidi ya mkeka wa bibi. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, ya kwanza nilicheka, ya pili nikakuonea huruma, ya tatu ndo nikakaa na kalamu. Ati hapo hotelini unakosafisha vyumba umepewa karatasi ina maneno 60 ya Kiingereza na supavaiza kasema baada ya wiki mbili anakupitisha chumba kwa chumba anakuuliza hiki nini hiki nini, na wewe umekaa unaimba kama mtoto wa chekechea, pillow mto, wall ukuta, pillow mto, wall ukuta, asubuhi ukiamka hamna kitu. Mwenzangu, hiyo njia mi nilipita nayo msimu mzima nilipokuwa nasafisha vyumba vya wageni pale Paje na iliniaibisha, kwa hiyo nisikilize.

Kwanza hiyo karatasi isikutishe, sehemu yake unayo tayari bila kujijua. Towel si taulo? Blanket si blanketi, sink ni sinki, glass glasi, drawer droo, cupboard kabati. Hayo yapige mstari leo leo, usiyapotezee usiku wako. Ila uwe macho na machache yanayokuzunguka, mfano sisi tukisema hoteli mara nyingi tunamaanisha pa kula, wali maharage na chapati, wao hotel ni pa kulala, mgeni akikuuliza usimuelekeze kwa mama ntilie.

Sasa aibu yangu sijawahi kukuhadithia. Kulikuwa na mama mmoja mzungu mtu mzima, mgongo unamsumbua, kaniita kanionyesha kitanda anataka mto wa pili. Na mimi jana yake nilikuwa nimekariri vizuri kabisa kwenye daftari, nimeandika mto na mbele yake neno la Kiingereza. Nikamwambia kwa kujiamini, nakuletea river moja sasa hivi. Yule mama kanitazama, katazama baharini, kanitazama tena. Yani nilimuahidi mto wa maji, Pangani mzima niuingize chumbani! Alicheka mpaka mgongo ukaacha kumuuma kwa dakika mbili, na tip alinipa, ila mi nilirudi stoo nikakaa juu ya ndoo nikajiuliza nimekosea wapi, kwa sababu neno nililisoma kweli.

Kosa lilikuwa kwenye daftari. Niliandika mto, na mto kwetu ni vitu viwili. Kiswahili ndo kilinichanganya, sio Kiingereza. Na si mto tu, chukua mbuzi, kuna wa kuchinja na ya kukunia nazi, ukiandika mbuzi halafu goat siku mgeni kaingia jikoni kashika mbuzi ya nazi anauliza hii nini utamwambia goat na atakuamini masikini. Toka siku ile nikaacha kuandika Kiswahili. Nilichukua maboksi ya biskuti nikakata vipande saizi ya kadi ya karata, upande mmoja nachora kitu chenyewe, upande wa pili neno la Kiingereza, basi. Mto wa kulalia nauchora na alama ya kichwa imebonyea katikati. Na usiniambie hujui kuchora, mi kuku wangu anafanana na pasi. Picha si ya kumuonyesha mtu, we ukiiona ujue ni nini inatosha, na ile shughuli ya kuichora tu ukiwaza kitu kinakaaje inakusaidia kukishika kuliko kukata picha ya gazeti.

Lakini picha peke yake inakupa kitu, haikupi sauti ya neno. Hapo sasa ndo utamu ulipo. Chukua hiyo pillow yako. Isikilize kwa sikio la kwetu, inafanana na nini? Pilau! Sasa funga macho. Umetoka kazini umechoka, umejitupa kitandani, badala ya mto kuna sinia la pilau ya moto, kichwa kimezama, shavu limenata mafuta, iliki imekuingia sikioni, punje kwenye nywele, na ile harufu ya bizari nzima. Umeiona? Jaribu kuisahau. Na foronya ni pillowcase, yani pilau ina kesi, imesimamishwa mahakamani kwa kuchafua shuka. Umepata mawili kwa bei ya moja.

Ukishashika kamchezo haka utakuwa unacheka peke yako kwenye korido. Ukuta ni wall, mi naona ukuta umejengwa kwa wali badala ya matofali, na kuku wa jirani wanaudonoa. Pazia ni curtain, hii niliipenda nikiwa hata sijajua kama ntakuja kuwa fundi, pazia refu linaburura sakafuni namwona bosi kasimama na mkasi anapiga kelele kateni! kateni! Dari ni ceiling, basi dari limebandikwa shilingi tupu, umelala chali unazitazama na huzifikii, kama mshahara. Bomba ni tap, na we unajua bomba letu maji yakikatika linavyokohoa na kutapatapa, hilohilo. Vumbi ni dust, kumbuka dasta ya ubaoni tulivyokuwa tunaipiga ukutani darasa la nne tunapiga chafya. Masizi ni soot, na mi naona bwana harusi na suti nyeupe kakaa juu ya chungu.

Ila shoga, za kwangu nakupa kama mfano tu, usizichukue zote. Ikitoka kwenye maisha yako inakaa zaidi. Mi kateni inanikaa kwa sababu ya mkasi, we labda curtain itakuletea kitu kingine kabisa. Na iwe ya kijinga, iwe na harufu, iwe na aibu ndani yake, picha ya heshima heshima haidumu, hata matusi madogo yanaruhusiwa maana hakuna anayeingia kichwani mwako kukagua.

Halafu huyu mwanangu wa kwanza si kaingia kidato cha kwanza mwaka huu. Miaka saba yote kasoma kwa Kiswahili, leo kaamka Baiolojia kwa Kiingereza, kila kiungo cha mwili kina jina jipya, mtoto kanywea. Nikamkalisha nikamchorea mtu kwenye karatasi ya kukatia magauni, saizi yake mwenyewe, tukaibandika mlangoni. Kidevu ni chin, si kiko chini ya uso? Shin, ule mfupa wa mbele wa mguu, tukauchora kama shina la mnazi. Kidole cha mguu toe, toa kiatu nikione. Rib ni ubavu, tukamchora jirani kakopa kausha damu na riba imembana ubavuni mpaka hapumui. Figo ni kidney, mbili zimetungwa kwenye kidani shingoni. Bibi yake kapita kauliza huyu ni mtu au mshikaki. Mtoto ndani ya siku mbili kayajua kumi na kitu, nikajiona mwalimu mkuu.

Wiki ikaisha karudi na daftari, kwenye mchoro wa mguu kaandika shina, kwenye kidevu kaandika chini, alama nyekundu mbili. Kaandika ndoano badala ya samaki! Nikajua hapa nilimfundisha nusu. Kwa hiyo na wewe nakuambia mapema, pilau ni ya kukufikisha tu, ukishafika iache. Ukikumbuka pilau usiseme pilau, sema pillow, sauti inaanguka mwanzoni, na kule mwisho wao wanaishia kwenye o sio kwenye u. Wall haina i mwishoni, sisi kila neno tunataka kulimalizia na irabu, wao wanaliacha mdomoni hivyohivyo. Mtafute mtu mmoja pale anayesema vizuri, au washa sauti ya kwenye simu, umfuatishe kabla ule mfano haujakuharibia ulimi. Na shuka, sheet, ivute sana iwe ndefuuu, ukiikatisha unakuwa umetukana chumba cha mgeni na mgeni mwenyewe.

Kitu kingine ni kwamba mchezo huu unakusaidia haraka ukisikia neno, mtu akisema curtain unaona mkasi unaona pazia, imeisha. Kwenda kinyume, we kuona pazia na neno likutoke mdomoni, hapo ni kazi nyingine na inabidi uifanyie mazoezi yake. Supavaiza wako anakuuliza hiki nini, si ndio? Basi kadi zako uzishike upande wa picha, useme kwa sauti kabla ya kugeuza. Sio kugeuza kwanza halafu kusema aah nilikuwa naijua. Hiyo aah ndo imetufelisha wengi.

Na yapo maneno hayakamatiki hivi, nisikudanganye. Although, already, kama hizo nilihangaika nazo nikaishia kuchora ng'ombe asiye na maana. Hayo yashike ndani ya sentensi nzima unayoitumia kila siku, basi. Kuna moja tu la namna hiyo lilinikubali. Sisi kuazima ni kuazima, unaniazima nakuazima, wao wanayo mawili, borrow wa kupokea na lend wa kutoa, na mi nilikuwa nayachanganya kila siku. Mpaka siku napika mlenda. Lend, mlenda. Ukitoa pesa yako ukampa mtu inateleza kama mlenda, hairudi. Toka hapo sijakosea, na lile lingine limejipanga lenyewe.

Nilidhani haya ni ya kwangu, kumbe wasomi walishayapima zamani. Usiku mmoja nasoma kwenye simu nikakuta kule Marekani, Stanford, mwaka 1975 mabwana wawili, Atkinson na Raugh, waliwapa wanafunzi maneno 120 ya Kirusi kwa siku tatu. Kengele kwa Kirusi ni zvonok, ule mwisho wake unafanana na oak, jina la mti wa mwaloni kwa Kiingereza, basi wakawaambia waone mwaloni umezaa kengele badala ya matunda. Waliotumia mchezo huo walipata asilimia 72, wenzao wasiofundishwa mchezo huo 46. Nilifurahi kama nimeshinda mimi. Ila nikasoma mbele, baada ya wiki sita wale wa picha walikuwa wamebaki na 43, wenzao 28. Unaona? Bado wanawazidi, lakini imevuja. Hata pilau inapoa.

Ndo maana mi nilikuwa na aproni. Ile ya kazini ina mifuko, nikaongeza mpaka ikawa mitatu. Kadi zote zinaanzia mfuko wa kushoto, hizo naziona kila siku, nikipanda ngazi, nikisubiri lifti ya mizigo, maji yakijaa ndoo. Nikiipata kadi bila kusita inahamia mfuko wa kati, hizo ni kila baada ya siku tatu. Ikipata tena inaenda kulia, mara moja kwa wiki. Ikikosea, hata kama ilishafika kulia, inarudi kushoto haina kulialia. Kumbe nayo ina mwenyewe, mwandishi wa habari wa Ujerumani anaitwa Leitner alieleza hivyohivyo mwaka 1972, yeye alitumia kisanduku chenye vyumba. Sikujua, mi nilichokuwa nacho ni aproni.

Kwa hiyo usikariri 60 kwa mpigo. Toa hizo za taulo na sinki, zitabaki arobaini na kitu, chukua nane kila siku, chora usiku, ziweke mfukoni asubuhi. Wiki moja umezimaliza na inabaki wiki nzima ya kuzungusha. Ukiingia chumba hakina mtu sema vitu kwa sauti unavyovifuta, pillow, wall, ceiling, ukuta haukucheki. Mi nilikuwa naongea na kitanda mpaka mwenzangu wa zamu akadhani nimepandisha.

Kuna moja limenishinda mpaka leo, doa, stain. Mia ya madoa nimetoa kwenye shuka zile na sijapata picha yake. Nimejaribu stendi, doa limesimama stendi linasubiri basi la Muheza, ila sauti haikai sawa na kila mara linanitoka. Ukilipata wewe niletee.

Na nitumie kipimo cha kiuno, ila kipimo cha kweli sio kile cha mwaka wa harusi. Kuna kitambaa cha drili cha buluu kimebaki kwenye oda ya shule, nakushonea aproni ya mifuko mitatu, mtu anavuka na boti Alhamisi ntampa.

Mie shoga yako, wa huku Tanga.