Mhariri, mwanaume hana mbegu

Kwako Mhariri, habari za kazi. Mi nalisoma gazeti lenu jioni hapa Usa River kwa dada mmoja anayeuza vocha, akishamaliza yeye ndo ananipa, kwa hiyo nisamehe kama barua yangu imechelewa. Juzi ukurasa wenu wa afya mliandika habari za wanandoa wasiopata watoto, na hilo neno "mbegu za kiume" nimelihesabu mara kumi na moja, kumi na moja jamani, na naomba niseme kitu maana linatuumiza kuliko mnavyodhani.

Nimefanya kazi miaka sita kwenye grinihausi za mbegu za mboga huku kwetu Arusha, zile za haibridi, za kuchanganya aina mbili. Kazi yangu ilikuwa kuchavusha nyanya kwa mkono. Unapita na kibano, unatafuta ua ambalo bado limejifumba, lile la kufunguka kesho, unalifungua taratibu unazitoa sehemu za kiume zote bila kukijeruhi kile kijiti cha katikati ambacho ndo cha kike, maana nyanya ina vyote viwili ndani ya ua moja na ukichelewa tu imeshajichavusha yenyewe, msimamizi anakuja juu. Afu baadae unarudi na ule unga uliokusanywa kwenye mimea ya dume, yaani ile iliyochaguliwa kutoa unga tu, unaugusisha kwenye ncha ya kijiti, unakata kidogo vile vijani vinavyoshika ua iwe alama kwamba hili tayari. Unafanya hivyo ua kwa ua mpaka mgongo unaita. Majike nyumba hii, madume nyumba ile, na madume yanatosha machache tu (sisemi kitu hapo).

Sasa Mhariri, ule unga sio mbegu. Ni chavua, shuleni tuliita poleni. Ukiuchukua ukaufukia kwenye udongo mzuri kabisa, ukamwagilia mwezi mzima, hautaota. Na tangu naingia kazini mpaka natoka sijawahi kuona mtu anavuna mbegu kwenye dume, hata siku moja. Chavua ikishatua kwenye ncha inatoa kimrija chembamba kinashuka mpaka chini kwenye ovari, kile kifuko cha mayai ya ua, huko ndo inakutana na yai la jike, na mbegu inaanza pale. Yaani mbegu ni kitu kilichokwisha kuungana, nusu ya baba nusu ya mama, ndani kuna kimche kimelala. Mbegu ni mtoto tayari! Sa mkiandika kwamba mwanaume ana mbegu ni kama mnasema ana watoto mfukoni, anatafuta tu pa kuwafukia, na mwanamke yeye ni udongo.

Na watu wanaelewa hivyo hivyo. Mdogo wangu kaolewa huko mlimani upande wa Moshi, ana wasichana watatu, wazuri, wana akili. Mama mkwe wake alimwambia mbele yangu tumekaa kwenye msiba, "mbegu ya mwanangu nzuri, shamba lako ndo halijui kuotesha kidume." Mi nikanyamaza kwa sababu ya msiba lakini niliumia. Huko kihamba, lile shamba la ukoo, ni cha mtoto wa kiume, kwa hiyo sio maneno ya utani hayo, mtu anaweza kuletewa mke mwenza kwa ajili hiyo.

Wakati ukweli uko kinyume kabisa. Yai la mwanamke lina kromosomu 23, vile vinyuzi vinavyobeba urithi, na ile ya jinsia iliyomo ni X siku zote, hana nyingine ya kutoa. Manii ya mwanaume, ndo hayo mnayaita mbegu, kila moja nalo lina 23 lakini mengine yamebeba X mengine Y, likiingia lenye X ni msichana, lenye Y ni mvulana. Mama hachagui, na baba naye kiukweli hachagui, ni bahati, ila kama ni lazima mtu alaumiwe basi mama mkwe angeanza na mwanae. Hata mipapai iko hivyo hivyo, ule mpapai dume unaoning'iniza maua kama shanga bila kuzaa, chavua yake ndo inaleta tofauti kwenye mbegu, dume au jike, sio mpapai mama.

Sio sisi tu tuliokosea, hata wasomi wa Ulaya walidanganyika. Leeuwenhoek, Mholanzi, aliyaona manii kwenye hadubini mwaka 1677, na mwaka 1694 mwenzake Hartsoeker akachora kijitu kidogo kimejikunyata ndani ya kichwa cha manii, eti mtoto mzima kakaa humo anasubiri kupandwa. Mwaka huo huo Mjerumani Camerarius akaandika kwamba mimea nayo ina kiume na kike, alijaribu kwenye mibono na mahindi, akiondoa upande mmoja hapati mbegu nzima. Angalau yeye alienda shambani. Yai lenyewe la mamalia halikuonekana mpaka 1827, alipolipata von Baer, yaani miaka 150 watu wameshauona upande wa mwanaume, yai la mwanamke wanalikisia tu! Na lile yai ndo kubwa, karibu linaonekana kwa macho, manii huwezi kuyaona bila hadubini.

Mkulima anayajua haya bila shule, ndo kinachonishangaza. Nenda soko la Tengeru Jumamosi, mwonyeshe mtu hindi lenye mapengo, atakwambia jua lilipiga wakati wa mbelewele, poleni haikufika. Kila unywele wa hindi unaenda kwenye punje moja, unywele usipopata poleni punje haipo. Hatasema hindi lina laana, hatalirudisha kwao. Lakini mke akikaa miaka miwili hajashika mimba ni yeye anapelekwa hospitali, kwa mganga, kwenye maombi, mume yuko kijiweni anacheza drafti, kisa "mbegu ziko sawa", nani kazipima? Na kipimo cha mwanaume ni chepesi kuliko vyote anavyofanyiwa mwanamke, anatoa manii kwenye kichupa yanaangaliwa wingi wake na yanavyoogelea, basi. Afu hata yakiwa mazuri kuna suala la siku, yai likitoka linaishi kama siku moja tu, manii yanaweza kusubiri mpaka siku tano, wengi wanakosana hapo.

Najua mtasema "mbegu za kiume" ni Kiswahili kinachokubalika, kiko mpaka vitabuni. Sawa. Lakini manii nalo ni neno la Kiswahili, limekuwepo siku zote, sio tusi, hata mashehe wanalitaja bila kuona haya. Na daktari wenu akitaka mfano wa shambani aandike chavua, msomaji wa huku ataelewa haraka sana, tunaishi na maua.

Mdogo wangu ana mimba ya nne sasa, atajifungua karibu na mavuno. Mama mkwe ni msomaji wenu mzuri tu, anapenda huo ukurasa wa afya. Naomba toleo lijalo mumrekebishie pale kabla mtoto hajafika.

Ni mimi msomaji wenu,
Usa River, Arusha